Tone la Oili na Chanzo Chake

Oili nyekundu ikionekana sakafuni chini ya injini, mambo mawili hujulikana papo hapo: kwamba gari linavuja, na kwamba kinachovuja kinatoka katika mojawapo ya mifumo michache inayotumia oili ya aina hiyo. Inapovujia hapajulikani bado. Kazi nzima ya fundi wa pawa stelingi imo kati ya tone lililoonekana na mahali lilipotokea, na humo humo limo swali ambalo wanafalsafa wamelirudia tangu Ugiriki ya kale: ni lini mtu ana haki ya kusema anajua sababu ya jambo, na si kwamba ameliona jambo tu? Swali hilo lina mwenzake upande wa dini na sheria. Mtu akishasema "najua", akapokea ujira kwa neno lake, anawajibika mpaka wapi?

Usukani unaosaidiwa na presha ya oili ni jambo la karne ya 20. Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis alionyesha gari lenye mfumo wa namna hiyo mwaka 1926, na kampuni ya Chrysler ikauingiza sokoni katika gari lake la Imperial mwaka 1951. Mpangilio wake wa msingi haujabadilika sana tangu hapo. Pampu inayozungushwa na belti ya injini huvuta oili kutoka kwenye kopo lake na kuisukuma kupitia paipu ya presha mpaka kwenye vali iliyo mwisho wa shina la usukani. Dereva anapokata stelingi, vali huifungulia oili upande mmoja wa pistoni iliyo ndani ya raki, kifaa kinachoyageuza magurudumu ya mbele kulia na kushoto. Pistoni huisogeza raki, na oili ya upande wa pili hurudi kwenye kopo kwa hosi ya kurudishia. Presha ya upande wa kusukuma inaweza kuzidi PSI 1,000, ilhali tairi la gari dogo hujazwa takriban PSI 30. Upande wa kuvuta na wa kurudisha presha yake ni ndogo tu.

Magari mengi yaliyotumika yaliyoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani, kama vile Toyota Mark II za miaka ya 1990, yana mfumo huu. Magari madogo mengi ya karibuni yana mota ya umeme badala ya oili. Gari la namna hiyo likidondosha chochote, stelingi haihusiki kabisa, na fundi anayekimbilia raki amepotea kabla ya kushika spana.

Hatua ya kwanza basi ni kukitambua kilichovuja. Kipande safi cha boksi husukumwa chini ya gari jioni, na asubuhi rangi, unene na harufu vikasomwa juu yake. Maji matupu chini ya upande wa abiria wa mbele mara nyingi ni ya AC, wala si ugonjwa. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Kulanti ya rejeta huwa ya kijani au waridi, na ina harufu tamutamu. Oili ya stelingi katika Toyota nyingi za zamani ni ATF ya daraja la Dexron II au III, na ATF ni nyekundu. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu giaboksi ya otomatiki nayo hutumia ATF, na oili hizo mbili zikishakutana na vumbi la barabarani hakuna jicho la kuzitenganisha. Alama ni moja, sababu zake ni mbili. Kinachotenganisha ni kopo la stelingi: likijazwa mpaka alama ya juu, gari likatembea siku mbili tatu na kiwango kikashuka, ushahidi umeelekea kwenye stelingi. Kisiposhuka, giaboksi ndiyo ya kukaguliwa.

Aristotle aliitenga elimu ya kujua kwamba jambo liko na elimu ya kujua kwa nini liko. Mfano wake ni sayari. Mtu anaweza kutambua kwamba sayari ziko karibu kwa kuona kuwa hazimetameti kama nyota. Hoja hiyo ni sahihi, ila inakwenda kinyumenyume, maana kutometameta hakuzisogezi sayari. Ukaribu ndio sababu, na kutometameta ni matokeo. Fundi naye hana njia ila hiyo ya kinyumenyume. Huanza na matokeo, yaani tone, akapanda kuelekea sababu. Hatari yake ni kwamba sababu moja huteremka kwa njia moja, lakini matokeo mamoja hupandika kwa njia nyingi. Anayeliona tone akataja pampu huenda akawa amesema kweli, na bado hajui.

Oili haina desturi ya kudondoka mahali inapovujia. Hutambaa juu ya paipu, hufuata ukingo wa chuma mpaka sehemu yake ya chini kabisa, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Tone linaloning'inia kwenye raki linaweza kuwa limeanzia kwenye mdomo wa pampu, mbali juu yake. Ndiyo maana fundi makini hatazami palipolowa zaidi. Hutafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa, kisha huosha. Kuosha huku hudharauliwa sana, na madereva wengi hukuona ni kupoteza muda, kumbe ndiyo hatua iliyo karibu zaidi na falsafa katika kazi nzima. Oili iliyotanda juu ya injini ni ya wiki nyingi. Imechanganya uvujaji wa leo na kumwagika kwa siku kopo lilipojazwa kupita kiasi. Ikiondolewa kwa dawa ya kusafishia na kukaushwa kwa upepo wa kompresa, kitakachoonekana baada ya hapo hakiwezi kuwa na asili nyingine ila uvujaji unaoendelea.

Injini ikishakauka, huwashwa. Mtu mmoja huketi kwenye usukani na kukata stelingi taratibu kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, bila kuishikilia pale mwishoni zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo presha hupanda kufikia kikomo chake na pampu hupata moto. Mwingine huwa chini na tochi. Ikiwa uvujaji ni wa polepole, rangi maalumu humiminwa ndani ya kopo, gari huendeshwa, na taa ya UV huimulika njia ya oili kwa mng'ao wa kijanimanjano. Asiye na taa hiyo hupaka poda ya watoto juu ya maungio yaliyokauka. Unyevu ukitokeza huchora mstari katikati ya weupe.

Mahali panapovuja ni pachache na panajulikana. Kwenye pampu ni sili ya shafti iliyo nyuma ya puli, ambayo ikichoka huirushia oili belti na kila kilicho karibu nayo kwa duara, na belti iliyolowa huanza kupiga kelele kwa kuteleza. Kwenye paipu ya presha ni pale chuma kinapobanwa na mpira, na pale bolti yenye tundu inapokazwa kwenye pampu kwa washa mbili za shaba. Washa hizo hubonyea mara moja kuziba, na kuzirudisha zilezile baada ya kufunguliwa ni kualika uvujaji mpya. Kwenye vali ni sili ya shina la usukani.

Pagumu zaidi kupaona ni ncha za raki. Kila ncha imefunikwa na mpira wa kukunjamana uliobanwa kwa klipu pande zote mbili. Klipu ya nje ikilegezwa na mpira ukavutwa nyuma kidogo, ndani panapaswa kuwa pakavu, au na grisi kidogo tu. Oili ikimiminika kutoka humo, sili ya ndani ya raki imekwisha, hata kama mpira kwa nje ulikuwa mkavu kabisa. Katika baadhi ya raki kuna kijipaipu cha hewa kinachounganisha mipira miwili, na oili iliyovuja kulia inaweza kuonekana kushoto.

Sili ikishapatikana imekatika, swali jipya huzuka, nalo ni zito kuliko la kwanza: je, huko ndiko mwisho wa kutafuta? Huenda mpira wa nje ulipasuka kwanza, mchanga na maji vikaingia, fimbo ya raki ikapata kutu, na kila kona iliyokatwa ikaipitisha kutu hiyo juu ya mdomo laini wa sili mpaka ukachanika. Fundi akibadilisha sili na kuacha fimbo yenye vishimo vya kutu, sili mpya itachanika kwa njia ileile. Sababu ya karibu ni sili, ya nyuma yake ni kutu, ya nyuma zaidi ni mpira uliopasuka, na nyuma ya hapo kuna barabara, umri wa gari na mwenye gari aliyeahirisha matengenezo. Wanafalsafa waliogopa mnyororo usio na mwisho, na wanatheolojia wakaufikisha kwa Mungu kama sababu ya kwanza. Gereji haihitaji kufika huko. Kipimo chake ni hiki: kutafuta hukoma pale ambapo kikiondolewa kitu, uvujaji haurudi kwa njia ileile. Kukoma kabla ya hapo ni kutibu alama, hata kama kilichobadilishwa kilikuwa kibovu kweli.

Mazoea nayo hudai kujua. Husemwa gerejini kwamba gari za aina fulani "huuawa na pampu", na msemo huo huwa umetokana na magari mengi yaliyobadilishiwa pampu yakapona. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliupinga uhakika wa namna hiyo katika Tahafut al-Falasifa kwa mfano wa pamba inayoguswa na moto. Kinachoonekana, alisema, ni kuungua kunakotokea pamoja na kuguswa; kwamba kuungua kunaletwa na kuguswa si kitu kinachoonekana kwa macho. Kwake yeye mtendaji ni Mungu, na mfuatano wa mambo ni desturi aliyoiweka. Ibn Rushd wa Córdoba, aliyeishi kati ya 1126 na 1198, alimjibu kwamba anayezikana sababu ameikana akili yenyewe.

Chini ya gari, Ibn Rushd ndiye mwenye nguvu zaidi: hakuna anayeweza kutengeneza kitu bila kuamini kwamba sili iliyochanika inapitisha oili kwa sababu imechanika. Lakini onyo la Ghazali linabaki na faida yake. Pampu ilipobadilishwa, paipu ilifunguliwa na kufungwa upya, washa mpya zikawekwa, oili yote ikabadilishwa. Kupona kulionekana pamoja na pampu mpya. Kwamba kulitokana na pampu, hakuna aliyeona. Huenda washa mbili za shaba za bei ndogo ndizo zilizomaliza kazi, na mteja akalipa pampu nzima.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alitoa kanuni inayofaa hapa: hali mbili zikifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, tukio likawapo katika moja na kukosekana katika nyingine, kile kimoja ndicho sababu au sehemu ya sababu. Kwa fundi maana yake ni kubadilisha kitu kimoja, kukausha, kuwasha, kutazama, ndipo kugusa cha pili. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo analirudisha gari zima barabarani, ila hakuna aliyejifunza kitu, na gari la pili lenye ugonjwa huohuo litabadilishiwa vitatu tena. Uvivu wa kufikiri unalipiwa na mwenye gari.

Kuna uvujaji mmoja unaozipita njia zote hizi. Hosi ya kuvutia iliyo kati ya kopo na pampu, ikipata ufa, inaweza isidondoshe kitu wakati injini inafanya kazi, kwa sababu upande huo pampu inavuta. Hewa ndiyo inayoingia. Oili ndani ya kopo hujaa povu, pampu hulia kama inayolalamika, na stelingi huwa nzito kwa vipindi. Anayetafuta unyevu peke yake atapita mbele ya hosi hiyo mara kumi bila kuishuku. Kukosekana kwa tone si ushahidi wa kukosekana kwa tundu, mpaka iulizwe kwanza kama tone lilitarajiwa kuonekana.

Matengenezo yenyewe ni mafupi ukilinganisha na kutafuta. Kilichochoka hubadilishwa, maungio husafishwa, washa na oringi huwekwa mpya, na kopo hujazwa oili ambayo mtengenezaji wa gari ameitaja. Honda, kwa mfano, hutaka oili yake ya pekee, na ATF humo si mbadala wa salama. Kisha hutolewa upepo. Magurudumu ya mbele huinuliwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na stelingi hukatwa polepole kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, huku kopo likiongezwa kila linaposhuka, mpaka mapovu yaishe. Hapo ndipo injini huwashwa na zoezi kurudiwa. Siku chache baadaye kiwango hukaguliwa tena, kwa sababu ukavu wa dakika kumi hauthibitishi kitu.

Upande wa wajibu una historia ndefu. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliamuru kwamba fundi aliyeziba chombo cha majini bila uthabiti, kikaharibika mwaka uo huo, akibomoe na kukiimarisha kwa gharama yake. Mafundi wa kalafati wa Lamu, wanaoshindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio ya mbao za jahazi, wako katika hali ileile ya fundi wa raki: kazi yao hufichika mara tu inapokwisha, na anayeitegemea hana uwezo wa kuikagua. Kazi isiyokagulika ni amana zaidi kuliko biashara.

Mafakihi wa Kiislamu hawakukubaliana juu ya mpaka wa dhamana hiyo. Wamaliki humbebesha fundi dhamana ya mali aliyokabidhiwa. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba halipi asipozembea. Fiqhi pia hutenganisha ijara, ambamo mtu hulipwa kwa kazi aliyoifanya, na jaala, ambamo hulipwa matokeo yaliyoahidiwa yakipatikana. Magomvi mengi ya gereji hutokana na mapatano yasiyosema ni lipi kati ya hayo mawili. Haki inaelekea kuyagawa: kutafuta ni kazi halali ya kulipwa hata jibu likichelewa, lakini anayesema "hapa ndipo panapovuja", akauza kipuri kwa kauli hiyo, amejifunga kwa matokeo. Akiwa bado anakisia, aseme anakisia, na mteja achague mwenyewe kama atalipia kisio.

Mwenye gari naye hana udhuru akishaambiwa. Sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka inamtenga mtu ambaye ng'ombe wake ameua kwa mara ya kwanza na yule aliyeonywa kwamba ng'ombe wake ana tabia ya kupiga pembe, asimzuie. Hukumu ya wa pili ni nzito mno kuliko ya wa kwanza. Oili ikiisha, magurudumu bado hugeuka kwa sababu usukani umeungana nayo kwa chuma, lakini uzito huja ghafla, na katika gari lililojaa abiria kwenye kona kali ghafla hiyo inatosha kuua. Oili ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Dereva aliyeambiwa "raki inavuja" akaendelea kuongeza oili kila wiki amehamia upande wa aliyeonywa.

Zipo dawa za chupa zinazomiminwa kwenye kopo ili kuivimbisha sili iliyokauka. Huweza kupunguza uvujaji mdogo kwa muda, na kwa mwenye gari asiye na fedha ya raki mwezi huu si haramu wala si upumbavu, mradi anajua kwamba amenunua muda. Hazizibi paipu iliyopasuka wala hazifuti kutu.

Zikimiminwa kabla ya kuuza gari, jambo hubadilika, na vivyo hivyo injini inayooshwa asubuhi ya siku ya mnunuzi. Kuosha kulekule kulikokuwa njia ya kujua kumegeuzwa njia ya kuzuia kujua. Sahihi Muslim imepokea kisa cha Mtume Muhammad alipopita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani na kukuta unyevu chini ya ukavu wa juu. Muuzaji alisema mvua ilikinyeshea. Aliulizwa kwa nini basi hakuiweka sehemu iliyolowa juu watu waione, na udanganyifu wake ukakemewa vikali. Mvua haikuwa kosa lake. Kuuficha unyevu ndiko kulikokuwa kosa.

Wauzaji hujikinga kwa kusema "gari linauzwa kama lilivyo". Minhaj al-Talibin ya Imamu Nawawi, kitabu kinachotegemewa na Mashafi, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, haikubali kinga hiyo kwa upana wake. Sharti la kutodaiwa kasoro humwokoa muuzaji kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, kwa kuwa afya ya mnyama hubadilika na kujificha, wala halimwokoi kwa mengineyo. Gari si mnyama, na uvujaji uliopakwa dawa unajulikana na aliyeupaka. Mnunuzi ana hiari ya kulirudisha gari lenye kasoro iliyokuwapo kabla hajalipokea, lakini kwa Mashafi hiari hiyo ni ya papo hapo: akishaiona oili chini ya gari, akajua ilikotoka, kisha akaendelea kulitumia bila udhuru, haki ya kulirudisha imemwondoka.